Kabla hujaizungusha koki ya nje

Koki ya nje ndiyo inayoteseka kuliko koki zote za nyumbani. Ya jikoni inafunguliwa na mtu mzima aliyesimama vizuri, kwa vidole viwili. Ya nje inafunguliwa na mtoto mwenye haraka ya kurudi mchezoni, na anayefua mwenye mikono ya sabuni, na jirani aliyeomba dumu moja akaja na manne. Mpira wa kumwagilia bustani unashinda umechomekwa mdomoni mwake, na anayeuvuta kutoka upande wa pili wa ua haoni anachokitingisha. Ndoo inaning'inizwa shingoni mwake ijae. Jua linaipiga mwaka mzima, na kama maji yenyewe ni ya kisima cha mwambao, chumvi inailia kwa ndani. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa inabidi ibadilishwe, na wengi wetu tunaiona kazi hiyo kuwa ya dakika kumi: spana, koki mpya, tepu, basi.

Mara nyingi kweli ni dakika kumi. Zile mara nyingine ndizo zinazobomoa ukuta, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Mtu ameanza kuzungusha kabla hajajua koki yake imefungwa kwenye nini. Koki unaiona, kiungo kinachoipokea kimefunikwa na lipu, na nguvu yote ya mkono wako inaishia huko usikokuona.

Nimesikia mara nyingi mwenye nyumba akimharakisha fundi: "Fundi, hiyo si unaizungusha tu inatoka?" Fundi anayeijua kazi hujibu kwa upole, "Subiri kidogo mama, tuangalie kwanza nyuma kuna nini." Jibu hilo lina thamani kuliko spana aliyoishika.

Kabla hata ya kufika nyuma, tazama inavujia wapi, maana si kila koki inayovuja inahitaji kutolewa. Maji yakidondoka mdomoni wakati imefungwa, kilichochoka ni washa, kile kipande cha mpira kilicho chini ya mhimili. Washa inauzwa kwa bei ndogo mno, na kuibadilisha hakugusi ukuta kabisa: unafunga maji, unafungua kichwa cha koki kwa spana, unatoa mhimili, unaweka washa mpya ya ukubwa uleule. Maji yakitoka chini ya mpini wakati imefunguliwa, kaza kidogo nati ya shingo, robo mzunguko au pungufu, kisha uone. Lakini yakitoka nyuma, pale koki inapoingia ukutani, au mwili wenyewe ukiwa na ufa au umeliwa, hapo ndipo koki inatoka.

Kuliwa kwa mwili kunahitaji jicho. Koki nzuri ni ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Maji yenye chumvi nyingi huichomoa zinki polepole na kuiacha shaba peke yake, yenye vitundu visivyoonekana. Kwa nje utaona ukoko mweupe kama chokaa, na chini yake mabaka ya rangi ya waridi badala ya njano. Koki iliyofika hapo bado ina umbo lake lote, lakini nguvu imekwisha, na spana ikiikamata hukatika kwenye nyuzi na kuacha kipande ndani ya ukuta. Ukiyaona mabaka ya waridi, jua mapema kwamba kazi yako itakuwa ya subira.

Sasa ukuta. Nyumba zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi zina mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Nyingi za siku hizi zina PPR, yale mabomba ya plastiki, mara nyingi ya kijani au meupe, yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa pasi ya nyuzi joto 260. Zipo pia za PVC iliyogundishwa kwa gundi. Kama hukumbuki yako ni ipi, angalia kwenye mita, au mahali bomba linapopanda kwenda kwenye tangi. Bomba lililo wazi huko kwa kawaida ni ndugu wa lililofichwa.

Kila aina inaharibika kwa namna yake. Kwenye bomba la chuma, koki imefungwa kwenye elbo au soketi ya chuma, na kutu imezishika nyuzi zote mbili, za koki na za bomba lililo nyuma ya elbo. Unapozungusha kinyume na saa, huwezi kujua ni kiungo kipi kitaachia kwanza. Kikiachia cha nyuma, koki inaonekana inatoka vizuri kumbe elbo nzima inageuka ndani ya ukuta. Dalili yake ni lipu kuanza kupasuka kuzunguka shingo ya koki.

Kwenye PPR hatari ni nyingine, na mimi naiogopa zaidi. Plastiki haina nyuzi zake. Kiwandani wamezamisha pete ya brasi ndani ya elbo ya plastiki, na koki inafungwa kwenye pete hiyo. Pete inashikiliwa na mikwaruzo ya ubavuni mwake tu. Ukitia nguvu kupita kiasi, pete inavunja mshiko wake na kuanza kuzunguka ndani ya plastiki. Mkono unalihisi jambo hili: koki iliyokuwa imekaza inalegea ghafla, inazunguka laini, lakini haisogei kuja kwako hata milimita moja. Hapo acha mara moja. Ukiendelea, au ukiikaza tena ukidhani umenusurika, maji yatapita kati ya pete na plastiki na kutafuta njia ndani ya matofali. Unyevu utajitokeza mbali, pengine chumbani upande wa pili, na hakuna atakayeihusisha rangi inayobanduka kule na koki ya bustani. Elbo hiyo haitengenezeki. Inakatwa, na mpya inachomelewa.

Kwa hiyo kazi yenyewe inaanza kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa spana. Gonga taratibu lipu inayoizunguka shingo mpaka uuone mdomo wa kiungo. Kwenye chuma, fungua nafasi inayotosha kuikamata elbo kwa paipu renchi. Kwenye PPR tazama kama pete ya brasi imechomoza na ina pembe sita za kushikwa. Elbo nyingi nzuri zinazo. Ukipata pa kushika, hutahitaji kuuogopa mkono wako tena: spana moja inaishika elbo isitikisike, ya pili inaizungusha koki, na nguvu za mikono miwili zinakutana kwenye nyuzi badala ya kusafiri ukutani. Kibandiko cha lipu cha ukubwa wa kiganja unaweza kukiziba kesho yake. Elbo iliyopasuka ndani ya ukuta ni wiki nzima ya vumbi.

Kufunga maji nako kuna mtego kwa nyumba zetu, kwa sababu nyingi zina vyanzo viwili. Kuna bomba la mamlaka ya maji lenye koki kuu kwenye mita, na kuna simtanki. Koki ya nje inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na mita, au na tangi, na kwenye nyumba zilizoongezwa vyumba mara kwa mara huenda imeungwa na vyote viwili. Funga kote, kisha ifungue koki unayotaka kuitoa na uiache wazi. Maji yaliyobaki bombani yatatoka kwa dakika moja mbili na kukoma. Yasipokoma, geti valvu fulani haishiki. Valvu hizi zikikaa miaka bila kuguswa hujaa ukoko na hazifungi tena mpaka mwisho. Usitegemee kwamba leo ni siku ya mgao na mtaani hakuna maji. Yanaweza kurudi wakati ukuta uko mdomo wazi.

Koki ikigoma kwenye chuma, pulizia mafuta ya kulegeza kutu na uyape saa kadhaa, hata usiku mzima, kisha igonge kidogo kidogo kuizunguka kabla ya kujaribu tena. Wapo mafundi wanaotumia moto. Kwenye chuma kitupu kisicho na plastiki karibu, moto unasaidia. Kwenye PPR moto hauna nafasi, na kwenye ukuta usioujua una nini ndani, uache. Mara nyingine kinachosaidia ni kuikaza koki kidogo kwanza, kama moja ya nane ya mzunguko, kuivunja kutu, ndipo uifungue.

Na ikikatika? Kipande kilichobaki ndani ya elbo kinatolewa kwa bisibisi maalumu ya kinyume, ile inayojichimbia kadiri unavyozungusha kushoto. Kama haipo, chukua kipande cha jino la msumeno wa chuma, kifunge kitambaa upande wa kushikia, ukate mfereji ndani ya kipande kilichokwama kuelekea nje mpaka uzikaribie nyuzi za elbo bila kuzigusa. Mfereji wa pili kando ya wa kwanza, halafu ukikunje kipande cha katikati kwa patasi nyembamba. Ni kazi ya kukaa chini kwenye kigoda, na haipendi haraka.

Dukani kuna mambo mawili ya kuangalia: ukubwa na madini. Ukubwa huwachanganya watu kwa sababu koki inayoitwa ya nusu inchi haina nusu inchi popote rula itakapogusa. Nusu inchi ni milimita 12.7, lakini nyuzi zake kwa nje zina upana wa karibu milimita 21. Ya robo tatu ina karibu milimita 26.5. Jina limetokana na tundu la bomba la zamani, si na nyuzi. Nenda na koki ya zamani mkononi na hutakosea.

Umbo la nyuzi zetu limetoka Uingereza, kwenye kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841, chenye pembe ya digrii 55. Wamarekani wanatumia digrii 60. Hili lina maana kwa anayeletewa vifaa na ndugu aliye Marekani: koki yao ya nusu inchi ina nyuzi 14 kwa inchi kama zetu, na upana unakaribiana, kwa hiyo inaingia mizunguko kadhaa na kukaza kana kwamba imefaa. Pembe hazilingani, na itavuja hata uipakie tepu namna gani. Nzuri ilivyo, iache kabatini.

Kuhusu madini, usitazame mng'ao. Kila koki inang'aa kwenye rafu. Ipime uzito kwa mkono, kisha uigeuze na kuchungulia nyuzi na tundu la ndani, mahali ambapo rangi ya fedha haijafika vizuri. Brasi ina rangi ya njano mpaka ndani. Ikionekana kijivu, ni zinki iliyopakwa juu, na hiyo ndiyo inayovunjika shingo mwaka wa kwanza ndoo ikining'inizwa. Kwa maji ya kisima yenye chumvi kali, koki ya plastiki nzito inaweza kuishinda brasi hafifu, mradi imewekwa kivulini, kwa sababu jua huifanya plastiki kuwa ngumu na yenye kukatika. Mahali ambapo wanaookota vyuma chakavu hupita usiku, plastiki ina faida nyingine, kwamba hakuna anayeinunua kwa kilo. Zipo pia koki zenye tundu la kufuli. Kama ua wako hauna geti, hiyo inalipa haraka.

Kati ya koki ya kuzungusha na ile ya mpini wa robo mzunguko, mimi nashauri ya mpini kwa sehemu zenye mgao. Sababu si wepesi wake. Mtu akiifungua koki ya kuzungusha wakati hakuna maji, akaondoka, hakuna anayepita hapo atakayejua iko wazi. Maji yanarudi saa nane usiku na kumwagika mpaka alfajiri, na mita inahesabu. Ya mpini inajieleza yenyewe: mpini ukilala sambamba na njia ya maji, iko wazi, ukikaa kwa kukingama, imefungwa. Unaiona ukiwa mlangoni. Ubaya wake ni kwamba mchanga ukiikwaruza ndani huwezi kuibadilisha washa, unanunua nyingine.

Nunua pia kitu kimoja ambacho wengi hawakikumbuki: kiungio kifupi cha brasi chenye nyuzi za nje upande mmoja na za ndani upande wa pili, na pembe sita za kushikia spana. Hicho ndicho kiingie ukutani, na koki ifungwe kwenye hicho, pembe zikibaki nje ya lipu. Siku koki hii nayo itakapochoka, spana ya kwanza itakishika kiungio na ya pili itaitoa koki, bila tindo wala lipu. Ni sentimita chache tu, lakini koki ikichomoza zaidi inakuwa na mkono mrefu wa kuuvuta ukuta, kwa hiyo chagua kifupi kinachotosha.

Kufunga ni mahali pa utaratibu. Safisha nyuzi za elbo kwa brashi ya waya na zikauke. Tepu nyeupe iviringishwe ukiwa umezielekezea nyuzi usoni mwako, kwa mwelekeo wa saa, ili koki inapoingia iivute tepu ikaze badala ya kuifungua. Acha uzi wa kwanza mtupu, vipande vya tepu visije vikaingia ndani na kuziba njia. Ivute iwe imebana hata maumbo ya nyuzi yaonekane chini yake. Idadi ya mizunguko inategemea unene wa tepu yenyewe. Ile nyembamba ya bei rahisi inahitaji 10 hadi 15, nene inatosha nusu yake. Katani na pasta ni nzuri kwenye chuma na chuma, lakini katani huvimba ikilowa, na kwenye elbo ya PPR nyingi yake inaweza kuipasua plastiki.

Iingize kwa mkono mpaka igome, na usitumie spana mapema: uzi ukipanda vibaya mkono utakuambia, spana haitakuambia. Kisha spana malaya, mzunguko mmoja hadi miwili zaidi, huku ya pili ikishika nyuma. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri. Mdomo wa koki lazima uangalie chini, na huwezi kupanga utasimama wapi. Ikipita chini kidogo, mkono unashawishika kuirudisha. Usiirudishe. Tepu inajaza nafasi kwa kusukumwa mbele. Ikirudishwa nyuma inakatika na kuacha njia nyembamba ya maji, ambayo leo haivuji na wiki ijayo inavuja. Kama bado ina ulaini, ongeza mpaka ifike chini tena. Kama imekaza sana, itoe yote, safisha, weka tepu mpya yenye mizunguko miwili ya ziada, anza upya. Tepu ni rahisi kuliko elbo.

Fungua maji polepole, koki ikiwa wazi, hewa itoke kwanza. Kisha ifunge, ufute kila kitu, ukifungie kiungo karatasi kavu ya chooni na uondoke kwa saa moja. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni. Usizibe lipu siku hiyo. Acha usiku upite, maana presha ya mtandao mara nyingi hupanda usiku watu wakilala, na kiungo kilichovumilia mchana huenda kikasalimu amri usiku. Tangi lililo mita sita juu ya koki linaisukuma kwa 0.6 ya baa tu, maana kila mita 10 za kimo ni baa moja. Bomba la mtaani linaweza kuwa na mara kadhaa ya hiyo.

Kwa ambaye bado anajenga, mdomo wa koki uwe sentimita 50 hadi 60 juu ya sakafu, dumu la lita 20 likae chini bila kuinamishwa, na chini yake kuwe na saruji yenye mteremko kuelekea bustanini. Msingi unaonyonya maji ya koki kila siku haupendezi.

Limebaki jambo moja, na ndilo ningependa kila nyumba yenye mpira wa kumwagilia ilijue, kwa kuwa linagusa maji ya kunywa. Mpira ukiwa umezamishwa kwenye pipa au ndoo, na koki ikiwa wazi, maji ya mtaani yanapokatika presha inashuka bombani na bomba linaanza kunyonya. Kilichomo ndani ya pipa kinarudi kupitia mpira, kama dereva anavyonyonya mafuta kwa bomba kutoka tangi la gari, na kuingia kwenye mabomba ya nyumba, pengine na ya majirani. Kama pipa lilikuwa na maji ya mvua yenye viluwiluwi, ndivyo vitakavyorudi. Kama ilikuwa ndoo ya kuchanganyia dawa ya wadudu wa mboga, ni hiyo dawa. Mahali ambapo maji hayakatiki, jambo hili hutokea mara chache. Kwenye mgao, kila kukatika ni nafasi yake.

Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kati ya koki na mpira, chenye vitundu vinavyoingiza hewa presha inaposhuka, na hewa ikiingia bomba haliwezi kunyonya. Ukikipata dukani, kinunue pamoja na koki. Usipokipata, mpira utolewe mdomoni mwa koki kila kazi inapokwisha, ncha yake isizame kamwe kwenye chombo, na pampu ya dawa ijazwe kwa jagi kutoka kwenye ndoo iliyojazwa kando, mbali na mpira.